Ukingo wa Blanketi Nililolikasirikia

Mpendwa Mama Upendo,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Makete imekupokea vizuri baada ya miaka yote uliyokaa nasi hapa Chuno. Mama anakusalimu sana. Amenionya nisikuchoshe kwa maneno mengi, lakini unanijua: mdomoni sina kitu, kwenye karatasi ndipo nisiponyamaza.

Nakuandikia kukuomba radhi. Ulistaafu, ukafunga mizigo, ukaondoka, na mimi niliyekuwa nikishinda kibarazani kwako sikutoka hata kukuaga. Mwaka sasa, na jambo hilo bado limenikaa moyoni.

Nakumbuka nilivyokuwa nakutazama kabla hatujazoeana. Ulikuwa unatoka zamu wodi ya wazazi, unabadilisha nguo, halafu unakaa na sindano zako kwenye joto lile la Januari. Watu walikuwa hawapiti bila kusema neno. Mama muuza dagaa alitua beseni lake akakuuliza, "Sweta Mtwara hii? Au unalivalisha friji?" Nawe bila kuinua macho ukamjibu, "Namfumia mjukuu wako. Akizaliwa kabla ya miezi yake, utanitafuta mwenyewe." Aliondoka anacheka, lakini kesho yake alikuletea dagaa bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa ukuta na kitabu changu. Siku moja uliniita. Ukasema macho yangu yamezoea kufuata mistari, basi nije nisome na hii. Fundi baiskeli alinichongea spoku mbili za gurudumu ziwe sindano, ukanipa uzi wa bluu uliobaki kwenye kofia ya mtoto, tukaanza.

Ule mfumo wa vinundu ndio ulionishinda muda mrefu. Kitanzi kimoja kwa mbele, kimoja kwa nyuma, hadi mwisho wa mstari. Ukigeuza, panapoonekana kinundu panapata kinundu tena kwa upande wa pili, na shimo linakaa katikati ya vinundu viwili. Nikikosea kitanzi kimoja tu, vinundu vinapangana juu ya vingine kama mistari ya daftari. Mfumo ukikubali, kitambaa kinakuwa kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka. Wewe uliuita ulezi, mimi nikauita mtama, na hatukukubaliana hadi ulipoondoka.

Halafu lile kosa langu. Nilianza na vitanzi thelathini na kimoja. Baada ya siku tatu nilikuwa na thelathini na nane, na kitambaa kimetanuka kama ungo. Nilikuletea nikakuambia kwa dhati kabisa kwamba kinakua chenyewe. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi na pindo la khanga. Kisha ukanionyesha: kila nilipogeuza, nilikuwa napitisha uzi juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kinavutwa, kinaonekana viwili, nami nafuma vyote viwili. Uzi ukae chini. Kitanzi cha kwanza usikifume, kihamishe tu, halafu kaza kidogo kile cha pili. Nilifanya hivyo, na pembeni pakatokea msuko mwembamba, umelala vizuri kama wa nywele. Nililala na kile kitambaa chini ya mto.

Sasa nifike kwenye blanketi la kichanga. Nililifuma likizo yote. Nilikuwa nimebakiza upana wa kiganja tu nilipokuletea. Ulipitisha kidole pembeni polepole, kutoka juu hadi chini, ukasimama karibu na mwanzo. Vitanzi vitatu vilikuwa vimelegea. Ukavuta sindano, ukashika uzi, ukaanza kufumua. Nilitazama likizo yangu ikirudi kuwa rundo la uzi kwenye mapaja yako. Ulisema neno moja tu, "Ukingo huu haufai," ukanipa mfuko wa uzi.

Sikuuliza kwa nini. Nilidhani unataka uzuri, na kwamba mtu anayemfumulia mtoto kazi yake kwa ajili ya uzuri ana roho ngumu. Nikaacha kuja. Asubuhi uliyoondoka, Mama aliniita mara tatu. Nilikuwa mezani na daftari la hesabu, siandiki chochote. Nilikusikia mlangoni unamwambia, "Mwache asome."

Mwezi wa tatu mwaka huu dada yangu Zuhura alijifungua akiwa na miezi saba. Mtoto hakufika kilo mbili. Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na muuguzi akatuambia tulete kitu cha sufu cha kumfunika juu. Mama alikimbia sokoni akarudi na blanketi zuri la rangi ya waridi. Muuguzi alipitisha kidole pembeni, polepole, kutoka juu hadi chini. Mama Upendo, nilijua anachofanya kabla hajamaliza. Akamrudishia Mama.

Kwa mara ya kwanza maishani nilimuuliza mtu mgeni swali. Akanionyesha kitanzi kilicholegea, kisha mkono wa mtoto. "Kidole kikiingia hapa na akajipindua, uzi unakaza. Damu haipiti. Na yeye hawezi kukuambia."

Nilirudi nyumbani, nikatoa ule mfuko uvunguni. Shule niliomba ruhusa. Nilifuma siku nne, mchana na usiku, kwenye benchi la wodi na hapa kibarazani kwako, maana wapangaji wapya hawakai nje. Nilihesabu kila mstari. Nilipokosea nilifumua mwenyewe, mara nyingine mistari kumi kwa kosa moja, na sikulia.

Nilipompelekea, muuguzi alizungusha kidole pande zote nne. Akaligeuza, akazungusha tena. Hakunisifu. Alimfunika mtoto tu, akaenda kwenye kitanda kingine.

Mtoto yuko nyumbani, ametimiza arobaini, na mashavu yameanza kujaa. Naambiwa ana hasira kama zangu.

Sijui ni watoto wangapi uliwaona vidole vyao vimekazwa na uzi, mpaka ukashindwa kuniambia sababu. Labda ungeniambia kama ningeuliza. Nisamehe kwa kutouliza, na zaidi nisamehe kwa ile asubuhi. Ulipotoka mlangoni nilisimama nyuma ya pazia. Niliona unavyogeuka kutazama dirisha letu kabla ya kupanda bajaji.

Mama amenipa namba yako. Barua hii naituma kwa basi, itakufikia kabla ya wiki kwisha. Jumapili ukishatoka kanisani nitapiga. Nikiogopa utasikia kimya tu. Usikate, Mama Upendo. Ni mimi. Anza wewe kusema.

Mwanao wa nyumba ya pili,
Somoe