Dokta Nambozo Ajipinga Mwenyewe Jinja

Shallon! Shika simu! Banange, mwalimu wetu leo ametumaliza!

Tuko Jinja, mkutano wa watafiti wa saratani. Mtafiti mmoja, Conrad, anaonyesha ukutani matokeo ya utafiti wa zamani kuhusu jeni inayorithiwa katika familia zenye saratani ya matiti. Dokta Nambozo akasimama, miwani juu ya kichwa. "Bwana, matokeo hayo ni mabovu. Aliyeandika hivyo alipima wanawake wachache mno."

Conrad akanyosha kidole ukutani. "Mama, aliyeandika ni wewe. Mwaka 2009."

ALIYEANDIKA NI WEWE!!! Mimi nilitamani kuingia chini ya kiti.

Akashusha miwani, akasoma jina lake pale ukutani. Akasoma tena. Uso ulimwaka, halafu akacheka hadi akashika meza. "Basi nilikosea. Nilikuwa na wanawake sitini tu wa Mbale, na friji ya damu iliyokufa kila umeme ukikatika. Leo tunao elfu mbili, na damu yao inasema vingine. Futeni."

Shallon, FUTENI!! Utafiti uliompa jina dunia nzima, anasema futeni!

Mwenyekiti akauliza: nani humu alianza kazi hii kwa sababu ya huyu mama? Conrad akasimama wa kwanza. Nikasimama. Wakasimama safu nzima, kisha safu ya nyuma, mpaka waliobaki kwenye viti wakawa wa kuhesabika.

Dokta akatutazama, akajifuta macho kwa ncha ya gauni lake la gomesi.

"Kaeni," akasema. "Bado nina swali kwa Conrad."