Injini Mpya, Mkono wa Zamani

Jumamosi, 5 Aprili

Zamu ya asubuhi uwanja wa ndege. Mabegi, mabegi, mabegi. Abiria mmoja alibishana nasi juu ya chupa ya asali mpaka foleni ikafika mlangoni. Nimetoka saa nane mchana, nikabadilisha viatu, nikakimbilia Kenton kumchukua mnyama wangu, pikipiki.

Injini ilikuwa imechoka, inakula oili. Ilibidi ifunguliwe. Nikamwambia fundi Nilesh, kama inafunguliwa basi ifunguliwe kweli. Ameweka kamshafti mpya, chujio kubwa la hewa, ekzosi nyepesi, na kompyuta ya injini ameipanga upya. Tukaipandisha kwenye mashine yake ya roli, ile ya kupimia nguvu, akaivuta mpaka vikombe vya chai vikatembea mezani. Nilesh kazaliwa Kisumu. Anajisifu kwa Kiswahili, analalamika kwa Kigujarati. Leo amejisifu tu.

Njiani kurudi Hounslow. Sauti kwanza. Zamani ilikuwa inalia masikioni, sasa inaunguruma kifuani. Kiti kilekile, handeli ileile, lakini kilicho chini yangu si kile nilichokipeleka. Baada ya Northolt barabara ikafunguka, nikavuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapita elfu nane na mikono yangu ikanyooka yenyewe. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Mama wa miaka arobaini na saba!

Baba Lusajo alikuwa dirishani nilipoingia. Hakutoka nje.

Jumapili, 6 Aprili

Niandike makubaliano yetu, nisije nikajidanganya baadaye.

Mume wangu ni nesi wa dharura. Mwezi Januari waliletewa mama mmoja wa pikipiki, helmeti nyekundu kama yangu, koti jeusi kama langu. Kabla hajaona uso alidhani ni mimi. Yule mama alipona. Baba Lusajo ndiye hajapona. Alirudi nyumbani, hakula, akaniambia niiuze. Nikakataa. Tukanuniana wiki nzima, tukipishana jikoni kama wapangaji.

Mwisho tukakubaliana hivi. Nitengeneze injini. Kisha yeye, ambaye hajawahi kupanda, akae nyuma yangu mara moja. Jumatatu ya Pasaka, wote tuko off. Akishuka, atasema: ibaki au iuzwe. Neno lake ndilo la mwisho. Nimempa mkono.

Nilikubali haraka kwa sababu nilijua atapenda. Sasa naogopa. Pikipiki hii ndiyo kitu pekee katika jiji hili ambacho sikupewa zamu ya kukitumia.

Jumanne, 8 Aprili

Kuna tatizo.

Kwa kasi iko vizuri, vizuri mno. Lakini mjini inashtuka. Naondoka kwenye taa, inakohoa. Nazunguka mzunguko wa magari, inasita, halafu inaruka kama imefinywa. Nikifunga mafuta inatikisika. Hounslow High Street yote nimeipita nikitingisha kichwa kama kuku.

Peke yangu navumilia. Ila mtu wa nyuma helmeti yake itagonga yangu kila mita kumi. Leo nimejaribu kwa mchele. Mfuko mzima wa kilo ishirini, nimeufunga kwa mipira kwenye kiti cha abiria, nikazunguka mtaa. Umenipiga mgongoni mara nisizoweza kuhesabu. Lusajo aliniona akitoka chuo. Akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba angalau mchele haupigi kelele.

Nina hasira na Nilesh. Kaniharibia.

Alhamisi, 10 Aprili

Kenton tena. Nilesh akaiunganisha na kompyuta, akaangalia plagi, akaangalia mnyororo. Hakuna kitu. Akaizungusha mwenyewe mtaani, akarudi anacheka.

"Dada Tumaini, hii haina neno. Iko tamu."

Nikapanda mimi. Ikakohoa palepale mbele ya karakana yake. Nikamwambia, unaona! Akakuna kichwa. Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika. Wateja wawili walitoka wakasimama nje.

Kesho amejaa kazi, Jumapili yuko hekaluni Neasden na mama yake. Ataniona Jumamosi. Nimerudi nyumbani nikikohoa njia nzima, mimi na injini.

Baba Lusajo kaniuliza kama imepona. Nikasema imepona. Nimemdanganya mume wangu juu ya pikipiki, kama vile ni bwana wa pembeni.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu. Ngoja niandike haraka.

Nilesh hakuigusa leo. Alichukua pikipiki yake, akaniambia nitangulie, yeye nyuma. Kenton mpaka Harrow, mlimani juu, kisha chini. Tuliporudi akazima injini, akavua glavu taratibu kama daktari.

"Shida si pikipiki. Ni mkono wako. Nani alikufunza kuendesha?"

"Baba yangu."

"Alikuwa analipia petroli mwenyewe?"

Kumbe. Kila gia naibadilisha mapema, kabla injini haijapumua. Natembea gia ya nne mahali pa gia ya pili. Na kila mteremko, kila taa nyekundu ninayoiona mbele, naweka free. Natoa gia kabisa, naacha pikipiki iteleze yenyewe, injini ikinong'ona tu. Nikitaka kuondoka natafuta gia kwa mguu, inaingia kwa kishindo. Nilesh anasema injini ya zamani ilikuwa mpole chini, ikinisamehe. Hii mpya imetengenezwa kwa ajili ya kuzunguka kwa kasi. Chini ya elfu tano haina nguvu, na mimi naishi chini ya elfu tano.

Nilibisha. Nikasema nimeendesha tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Akasema ndiyo, unaendesha vizuri sana, kama mtu ambaye tangi limebaki nusu lita.

Nimeumia. Si kwa sababu ya Nilesh. Mkono ule ni wa Baba. Alikuwa bwana mifugo, ana pikipiki ya serikali, mafuta ya mgao, na milima yote ya Rungwe ya kuzunguka akichanja ng'ombe. Alinifundisha nyuma ya ofisi yao Tukuyu. Sifa yake kubwa ilikuwa kutoka juu kule mpaka karibu na Kyela bila injini kufanya kazi. Upepo tu na breki. Nilidhani ndio ufundi wenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba.

Mchana nikampigia Baba. Nilimweleza yote, nikitegemea atamtukana Nilesh. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe anacheka.

"Mwanangu, mimi nilibana kwa sababu mafuta yalikuwa ya ofisi na hayakutosha kunirudisha nyumbani. Wewe unambania nani?"

Halafu akauliza kama breki zangu za nyuma zimeisha. Zimeisha kweli, nimebadilisha mara mbili mwaka jana. Akasema zake zilikuwa zinaisha hivyohivyo, na siku moja ziligoma kabisa akaingia kwenye migomba ya watu. Hakuwahi kutuambia. Mama alidhani amepigwa na fahali.

Nilicheka mpaka machozi. Sijui machozi yalikuwa ya nini hasa.

Jumatano, 16 Aprili

Najifunza upya. Kila siku baada ya zamu, barabara za nyuma ya uwanja, ndege zikipita juu.

Gia ya pili pale nilipokuwa naweka ya nne. Mwanzo moyo unauma. Sikio linasikia kelele, linaona mafuta yanamwagika. Mguu unataka kupanda gia wenyewe, naukataza kwa sauti. Watu kwenye kituo cha basi wameniona nikigombana na mguu wangu.

Lakini ah! Kwenye elfu sita ni pikipiki nyingine. Ukivuta kidogo inakwenda kidogo. Ukifunga inashika, polepole, kama mtu amekukamata mkono. Mizunguko ya magari naipita kwa gia moja, bila kugusa breki. Haikohoi. Haijawahi kukohoa, mimi ndiye niliyekuwa nainyima pumzi. Tetemeko la miguuni limeondoka. Joto kwenye mapaja limeongezeka kidogo, nitavumilia. Mafuta inakula zaidi, hilo ni kweli.

Nimefunga mchele tena. Haukunigusa.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Kazini kumejaa watu wa likizo.

Baba Lusajo amejaribu helmeti aliyotuazima Nilesh. Inambana mashavu, anafanana na samaki. Hakucheka. Kavua, akaiweka mezani, akaitazama muda mrefu. Najua anamwona yule mama wa Januari.

Nikamwambia ukweli. Kwamba haikuwa imepona siku ile, kwamba tatizo nilikuwa mimi. Nikamweleza habari ya gia na free. Nilidhani atasema bora tuuze sasa hivi. Akauliza maswali. Kwa nini kwenye kona ni hatari zaidi? Kwa nini ikiwa free haishiki? Akauliza kama anavyouliza wagonjwa, bila haraka.

Ikinyesha Jumatatu ameniomba tuahirishe. Nimekubali. Sitaki tuahirishe.

Jumatatu, 21 Aprili

Haikunyesha.

Tumetoka saa tatu asubuhi. Hounslow, Kingston, Leatherhead, mpaka Box Hill. Kamba za kujishikia kwenye tangi alizikataa, akanishika kiuno. Alikuwa ananibana hadi ubavu unauma. Kwenye kona za mwanzo alilalia upande wa pili, kama anayetaka kushuka. Nilimwacha. Gia ya pili, ya tatu, taratibu, naisikiliza injini na kumsikiliza yeye.

Kwenye taa za Kingston helmeti yake iligonga yangu. Mara moja. Moyo ukanidondoka. Nilikuwa nimerudia ule mchezo, nimeteleza free kwenda kwenye taa. Mguu huu!

Baada ya hapo, hapana.

Kupanda ile barabara ya kona za kupindana, alianza kulala pamoja nami. Sikumwambia. Kilo zake themanini na tano zikawa zangu. Sijawahi kuendesha na mtu namna ile, hata na Baba. Injini ilikuwa inatuvuta wote wawili bila kulalamika.

Juu tumekunywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Tukatazama mabonde. Akasema ni kama kwetu, ila wamesahau kupanda migomba.

Kushuka ndiko nilikokuogopa. Mteremko ule ndio wenyewe ambao Baba angezima injini kabisa. Gia ya pili, mkono umefunga, injini imeshika. Ilitushusha kona kwa kona bila kishindo. Breki niliigusa chini tu, kwenye makutano.

Nyumbani akashuka, akavua helmeti, masikio mekundu. Nikasubiri. Akasema ana zamu ya jioni, lazima alale kidogo. Akaingia ndani.

Sikumfuata kumwuliza. Nilimpa mkono, na mkono ni mkono.

Jumanne, 22 Aprili

Hajasema. Kaingia usiku nimelala, nimetoka alfajiri amelala.

Nimeiosha baada ya kazi. Nimeipiga picha pande zote, uani, jua likiwa zuri. Kama ni kuuzwa, iuzwe ikiwa safi. Mnunuzi nitamwambia asiendeshe chini ya elfu tano.

Nimelia kidogo nikifuta rimu. Basi.

Jumatano, 23 Aprili

Baba Lusajo amerudi mapema. Nilipika ndizi na maharage. Tumekula wawili, Lusajo yuko maktaba.

Akaanza mwenyewe, macho kwenye sahani. Jana wamemletea baba mmoja wa kusambaza chakula kwa pikipiki. Ameteleza kwenye kona, barabara ya kushuka, imelowa. Kavunjika kifundo cha mkono, basi, mengine mazima. Akiwa anamfunga, akamuuliza alikuwa gia ya ngapi.

Nikaacha kutafuna.

Yule baba akasema alikuwa ameweka free. Anashuka hivyo siku zote, anaokoa mafuta.

"Nikamwambia aache," akasema. "Nikamwambia mke wangu anajua kushuka."

Akaomba pilipili. Nikampa.

Baadaye, akiosha vyombo, akaniambia nimrudishie Nilesh helmeti yake. Inambana masikio. Atanunua yake, isiwe nyekundu.

Nimetoka uani kuifunika pikipiki. Kuna baridi kidogo, ndege zinashuka moja moja. Zile picha za jana sikuzifuta. Pikipiki imetoka vizuri.