Gari Zima Linalosukumwa

Bibi, mke wangu mkubwa,

Mimi mzima, na uzuri bado umenikaa. Huko kwa shangazi usije ukapata kijana mwingine. Kama mimi hayupo.

Gari alilotuachia babu sasa limevaa. Injini nimeifungia bolti za zambarau na nati za rangi ya dhahabu, nikazing'arisha kwa shuka lako kuukuu (usigombe). Shule ilinishinda, lakini mikono imesoma.

Shida ya pambo hili ni kwamba linakaa chini ya boneti. Basi kila jioni naegesha kando ya barabara, nafungua boneti ili watu waone. Wanasimama kweli, ila wote wanauliza, "Limekufa, kijana?" Nikisema ni zima, wanaondoka. Siku hizi sijibu upesi.

Jana waashi watatu waliotoka kazini wakaniambia, "Shika usukani, dogo, tukusukume." Nikashika. Gari linawaka kwa kuguswa tu, bibi, lakini walinitania njia nzima: "Injini imevaa kama bwana harusi, na bado haiendi!" Tulipofika mlangoni kwetu wakapangusa mikono, wakaenda zao. Nikaingia ndani, nikapiga hodi chumbani kwako kwa mazoea.

Shangazi anasema utakaa kwake mpaka miguu ipone. Hata huku miguu inapona. Sema siku, nije kukuchukua. Ila usimwambie kwamba nimeomba. Mwambie ni wewe uliyeshindwa kukaa bila mimi.

Mumeo mtanashati