Tyson wa Miaka Ishirini na Foreman wa Arobaini na Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Asnath Enock. Umri: miaka 34. Kabila: Msambaa. Dini: Mkristo. Kazi: mama lishe, stendi ya Mkata. Makazi: Mkata, Handeni.
Yameandikwa kituo cha polisi Mkata, tarehe 16/06/2025, saa 2:20 asubuhi.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Yordani aliyevunjika taya ni mume wangu wa ndoa, na mzee Obadia mliyemweka ndani ni mtani wake. Shemeji yangu Godfrey, aliyefungua kesi hii, siku hiyo alikuwa kwake Makuyuni. Mimi nilikuwepo. Amenikataza nisije kuandikisha, ndiyo maana nimewahi.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, majira ya saa 5 asubuhi, nilikuwa bandani kwangu nikipakua supu. Yordani anapakia magunia ya mahindi pale stendi. Mzee Obadia ni fundi baiskeli, na ujanani alipigana ngumi za uzito wa juu katika timu ya shamba la mkonge kule Korogwe. Wana ubishi wao wa mabondia wa Marekani tangu Kwaresma: Tyson yule wa miaka ishirini akikutana na Foreman yule wa arobaini na tano, nani anabaki amesimama. Mume wangu anasema Foreman hamalizi raundi ya kwanza. Mzee Obadia anasema kijana angeishiwa pumzi kwa papara, na mzee anahitaji ngumi moja tu. Wameyabishana hayo mpaka msibani. Mimi yalishanichosha.

Siku hiyo Yordani alisema, "Mzee, ulimi hauna mfupa. Simama wewe uwe Foreman, mimi niwe Tyson, tumalize."

Mzee Obadia akamjibu, "Leo nakuzika, Mzigua wewe. Na mkeo namrithi." Watu walicheka. Nilimwambia aanze kurithi masufuria, yanasubiri kuoshwa.

Afande, Godfrey amewaambia kwamba hayo ni maneno ya kutishia kuua. Ni utani. Babu yake mzee Obadia alikuja kukata mkonge kutoka Unyamwezi, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Baba mkwe wangu alipofariki, mzee Obadia aliingia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka tumpe jogoo. Aliyemkimbiza huyo jogoo mpaka akamkamata ni Godfrey mwenyewe. Leo anajifanya hajui utani ni nini, na hilo linaniuma kuliko hiyo taya.

Tena hawakupigana ngumi kavu. Nilitoa doti yangu ya kanga, kila mmoja akapata kanga moja. Nilizichana, nikawafunga mikono yote mimi mwenyewe. Mtu anayetaka kuua hasubiri kufungwa kanga. Vipande vyote vinne nimevileta, hivyo hapo mezani. Chenye damu ni cha mkono wa kulia wa mzee Obadia.

Yordani aliingia ameinamisha kichwa, akarusha ngumi za mbavu. Mzee alijikinga kwa viwiko, akarudi nyuma, akarudi tena mpaka mgongo ukagusa nguzo ya banda. Akasema, "Basi, Yordani, imetosha." Mume wangu hakutaka kusikia. Alipoingia tena, mzee alitoa mkono mmoja, mfupi. Nilisikia taya ikivunjika. Yordani alianguka kifudifudi.

Mzee Obadia alipiga magoti kabla yangu. Alimlaza ubavu asipaliwe na damu, akambeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Askari walipomkamata kule hospitalini Handeni, alikuwa bado ameshika ndala moja ya mume wangu. Hapo ndipo nilipolia.

Jana jioni, muuguzi akiwa pale pale, nilimuuliza Yordani nani amempiga. Meno yamefungwa kwa waya, maneno yanatoka kwa shida. Alijibu neno moja: "Foreman." Kisha akauliza kwa ishara ya mkono mtani wake yuko wapi. Nilipomwambia yuko ndani, aligeukia ukutani, hakuniangalia tena.

Godfrey amesema nikiandikisha haya nisikanyage tena Makuyuni. Nitakanyaga. Niliolewa na Yordani, sikuolewa na hasira za mdogo wake. Mkinipeleka mahakamani nitasema haya haya.

Niliyoyaona ni hayo, na niliyoyafanya kwa mikono yangu ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi.

Sahihi: Asnath Enock

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Faudhia, na nimemsomea shahidi. Nimepokea vipande vinne vya kanga kama vielelezo. Shahidi aliuliza kwa nini mtuhumiwa hajatoka. Nilimweleza kuwa hajapata mdhamini, kwani watu wa stendi wanaogopa lawama za ndugu wa majeruhi. Alitoa kitambulisho chake, akaniambia niandike jina lake. Nilimkumbusha kuwa yeye ni mke wa majeruhi. Alisema anajua.