Nafasi Kwa Laini ya Mwalimu

Eldoret, 17 Januari 1988

Kwa binti yangu Wangari,

Salamu nyingi kama mahindi ya huko Moi's Bridge. Kifua kimepoa? Mimi niko mzima, ni viatu tu ndio vinaumwa.

Nimeachana na soksi, siku hizi nauza miwani ya jua. Kwa katoni wameandika ANTI-GLARE. Nangila wa vitunguu akaniuliza glare ni nini, nikamwambia ni ugonjwa wa wazungu. Akanunua mbili. Sasa wewe wa Form Three niambie ukweli, kabla sijadanganya soko nzima.

Ingine. Mwalimu Kipkemboi, yule alikupeleka kwa hedimistresi mwenyewe mpaka ukapata nafasi, ameacha chaki. Anataka udiwani wa wodi yetu. Tarehe ishirini na mbili mwezi ujao ni mlolongo: kila mtu anasimama nyuma ya mtu wake mchana peupe, vichwa vinahesabiwa. Nimemwambia mbele ya mkewe Rael, mimi niko nyuma yako hata tukibaki wawili.

Ni mimi baba yako.

Moi's Bridge, 27 Januari 1988

Baba mpendwa,

Natumaini huna neno. Kifua kimepona.

Glare ni mwangaza mbaya, ule wa kuumiza macho, kama jua la saa sita likipiga mabati mapya. Taa ya kusomea ni light, hiyo haiwezi kuitwa glare. Tena ni kumkazia mtu macho kwa hasira. Tunasema, "The chief glared at the hawkers." Lakini miwani yako inazuia ile ya jua peke yake. Mwambie Nangila ukweli.

Nimefurahi sana juu ya Mwalimu. Wasichana hapa wanasema watu wa Eldoret wataogopa kuonekana naye. Nimewaambia wangoje wamwone baba yangu.

Binti yako, Wangari.

Eldoret, 24 Februari 1988

Kwa Wangari wa baba,

Hujambo? Mimi sijambo, ni shingo tu imeungua.

Juzi ilikuwa glare tupu. Jua juu, chifu chini, zote mbili za kitabu chako. Mwalimu alipata watu wachache, lakini mimi nilikuwa hapo, kifua mbele kama jogoo wa kanisa. Wakatushinda. Mwalimu akanipa mkono, akasema Gathogo, wewe ni mwanaume. Waambie hao wasichana.

Baba yako, diwani wa miwani.

Moi's Bridge, 6 Machi 1988

Baba,

Natumaini u mzima.

Siku ya mlolongo hatukusoma. Mama Rael aliniombea ruhusa, tukapanda lori ya mahindi. Sikukuambia, nilitaka nikushtue.

Nilisimama kwa laini ya Mwalimu nikushikie nafasi, kati ya Adongo fundi viatu na Mzee Ndungu. Karani akasema watoto watoke. Nikamwambia angoje kidogo, baba yangu anakuja.

Halafu nikakuona kule kwa laini ile ingine. Ulikuwa umevaa miwani. Pengine ulifikiri hutajulikana, lakini watu wote wale, ni wewe peke yako ulikuwa na miwani nyeusi. Nilitaka kukuita. Mwalimu akanishika mkono akasema, "Mwache. Ana kibanda."

Nyuma ya Mwalimu walikuwa kumi na mmoja.

Ungeniandikia kwamba uliogopa, ningeelewa. Chifu tulimwona sote. Mwalimu na mkewe wametolewa kwa nyumba ya shule, wanahamia Timboroa kwa kina Mama Rael. Likizo nitaenda huko.

Wangari.

Eldoret, 20 Machi 1988

Kwa binti yangu,

Natumaini barua hii itakupata na afya. Yangu usiulize.

Chifu alipita sokoni asubuhi ile. Akasema mchuuzi ataonekana kwa Mwalimu asirudi na katoni yake. Nikapiga hesabu yangu. Chifu hawezi kunisamehe. Mwalimu atanisamehe. Basi nikamwacha yule wa kusamehe. Watu wengi hapa tulipiga hesabu hiyo hiyo, na ndiyo maana walikuwa kumi na mmoja.

Mwalimu hakunipa mkono. Sijaenda kwake tangu siku hiyo.

Kibanda kiko. Wateja wanakuja, nawachekesha, wananunua.

Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara najikuta naweka mzaha, nachana. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Hiyo nafasi, ulinishikia kwa muda gani?

Baba yako.

Eldoret, 2 Mei 1988

Kwa binti yangu Wangari, Timboroa,

Hujambo? Nasikia huko kuna baridi kali. Nimekutumia sweta na dereva wa lori.

Pengine ile barua yangu ya Machi ilipotea.

Baba yako.