Kiti ya Mbele

Kamina, mwezi wa sita 1977

Kwako Yaya Kalala, pale Luena,

Jambo sana, na jambo kwa bibi yako na batoto. Mugongo inakuacha ulale? Minyi niko muzima, na bahati yangu inapita ya bantu bote ba Kamina. Siku ya posho balinipatia kiti ya mbele ku mitingi ya komisere, mukubwa wa serikali. Kiti ya mito, yaya, chini ya hema, na Fanta ya baridi. Weye ulisema muntu wa kuacha masomo mwaka wa ine primeri hatafika fasi. Nilikunywa mbili.

Komisere anajua kusema. Maneno yake inateleza kama samaki ya Kabondo-Dianda mu mukono. Alisema vita imeisha, adui amefagiwa. Jeshi ilipoteza kidogo tu, hata haifai kuitaja. Batoto betu balijitoa zawadi kwa taifa, baliingia mu historia. Tulipiga mikono. Minyi nilipiga kupita bote, unanijua.

Pembeni yangu kulikuwa Mama Émerence, bibi ya sajenti wa ku base ya basoda. Aliniuliza pole-pole hiyo historia iko upande gani, na kama treni inafika kule, juu bwana yake ameenda tangu mwezi wa tatu na hakubeba koti. Nilimujibu inafika, lakini hakuna klasi ya tatu. Hakucheka. Komisere akaongeza kama shujaa haliliwi: mwenye kuweka kilio ku lupango ya nyumba yake anasaidia adui.

Kiisha balisoma majina. Balisoma ya bwana yake. Balisoma ya Kabamba, mudogo yetu.

Ku njia nilirudilia maneno yote ya komisere, nikitafuta fasi alisema kufa. Hakuna. Njo nikaenda kwa Mputu, ule balikuwa naye kikosi moja. Alisema Kabamba alikufa asubui, karibu na Kasaji, na yeye njo alimufunika udongo.

Basi, yaya, ambia mama kufa ya Kabamba, kabla redio haiyamudanganya. Munyoe bichwa yenu kwa kilio, mulie ndani ya nyumba. Mama Émerence ameisha kunyoa. Basoda bakiuliza, anasema ni chawa. Na weye sema ni chawa.

Salimia bote, na mulale salama. Bahati sikupata. Ile kiti ilikuwa ya benye kufiwa.

Mudogo yako,
Ngoie