Pembeni mwa Barua ya Said

Baba yangu,

Nnakuandikia kutoka Ansab, ndani ya chumba kile ulichokiita ofisi ingawa ulikuwa umeshastaafu. Kiti chako nimekikalia mara mbili tu tangu tukuzike, na mara zote niliinuka haraka. Leo nimekaa. Ijumaa watu wa Said wanarudi kumposa dada yangu Salma kwa mara ya tatu, na safari hii walii wake, wa kumwoza, ni mimi.

Unaikumbuka fleti yetu ya Hamriya, juu ya duka la vitambaa? Baada ya Alasiri ulikuwa ukituketisha chini, mimi na dada zangu, ukitusomesha wafalme wa Kiingereza kama ulivyowasomesha watoto wa Unguja kabla hujahamia huku ng'ambo na sisi hatujazaliwa. Masikini sisi, wenzetu wako nje wanacheza mpira, sisi tunahesabu akina Henry. Lakini mimi nilipenda. Ulipofika kwenye amri za mfalme ulikuwa ukigonga meza, nami nikiona wazi kuwa anayeamrisha ni wewe.

Mfalme John ulimdharau. Mabwana wakubwa wa nchi walimbana ukingoni mwa mto, wakamlazimisha atie muhuri mkataba kwamba hata yeye sharia inamhusu. "Mtu mzima, katiwa woga," ukasema. Uliyempenda ni Henry wa nane, aliyemwambia Papa kuwa hana amri juu yake. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Na wake zake sita, alimsikiliza yupi?" Tukacheka sote, na wewe ukacheka, ukafunga daftari. Kila mara ulifungia hapo hapo. Nikikuuliza kisha ikawaje, unanijibu, "Kisha wakalegea. Hapo basi."

Ikabidi nitafute mwenyewe kwenye vitabu vya shule. Nikamkuta Charles, aliyeamini kuwa ufalme kapewa na Mungu na hakuna mja wa kumhoji, akagombana na bunge mpaka vikawa vita, wakamkata kichwa. Asubuhi ile ya baridi alivaa mashati mawili, asije akatetemeka watu wakadhani anaogopa. Nilikuja kukuhadithia mezani, nikijua utafurahi. Ukanitazama, ukasema, "Kula wali wako." Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikala.

Kwetu hakukuwa na bunge. Barua ya posa ikija, ulikuwa ukiisoma kwa sauti mbele yetu, kisha unatoa ile kalamu nyekundu ya ualimu, unaandika pembeni Ndiyo au Hapana, kama unayesahihisha mtihani. Dada zangu wawili wanaomtangulia Salma walipata Ndiyo. Siku ya barua ya kwanza ya Said, Salma alikuwa na miaka ishirini na nane, kashika birika la kahawa. Ukasema, "Kijana mzuri, lakini wazee wake watu wa Bujumbura. Sisi watu wa Unguja. Hata Kiswahili chao si chetu." Ukaandika Hapana. Salma akaendelea kumimina, hakumwaga hata tone. Mimi nilikuwepo, Baba, na nilinyamaza. Hilo linaniuma kuliko neno lako.

Barua ya pili ilikuja baada ya miaka mitano, umeshaanza kuumwa. Hukuisoma mbele yetu, na sisi tukakichukulia kimya chako kuwa ni Hapana nyengine. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Salma akaendelea kukupima sukari asubuhi na jioni, kukukata kucha, na kukutania ukikataa uji. Mimi nilikuwa nakuja Ijumaa na matunda yangu, nakula, naondoka.

Juzi nilikuwa natafuta hati ya nyumba kwenye mtoto wa meza, nikalikuta lile daftari. Nikafungua pale baada ya Henry, nikitarajia karatasi tupu. Hazikuwa tupu. Charles yumo, na mashati yake mawili yamo. Yumo mwanawe, aliyeitwa arudi baada ya nchi kukaa bila mfalme. Yumo Malkia Anne, wa mwisho kuukatalia mswada uliokwisha kupita bungeni. Na chini umeandika kwa kalamu nyekundu: "Tangu hapo wafalme huletewa miswada, wakakubali. Nao wapo mpaka leo."

Kwenye ukurasa huo huo ndipo ulipoiweka barua ya pili ya Said. Umeikunjua na kuikunja mara nyingi, mpaka mkunjo umeanza kuchanika. Nikatazama pembeni. Hukuandika kitu.

Nilikasirika, sikufichi. Miaka miwili Salma anakukata kucha, na barua yake iko chini ya kiwiko chako. Ulijua kila kitu, ukashindwa kutamka tu. Kisha nikalia, maana na mimi nna miezi tisa, tangu tukuzike, nalipiga danadana jambo hili hili, nikisingizia heshima yako. Ukweli ni kwamba nilianza kuzoea kungojewa. Salma ananiletea chai kwa adabu ambayo zamani hakuwa nayo kwangu, na mimi naipokea. Niliona aibu.

Jana baada ya Alasiri nilimwita humu. Akaja na sinia, kama kawaida yake.

"Weka chini, dada'angu. Ukae."

Nikampa ile barua ya pili, nikampa na kalamu nyekundu. Akaigeuza geuza mkononi. "Kaka, hii si kazi ya Baba?"

"Ilikuwa."

Siku ya ndoa maneno ya kumwoza nitayatamka mimi, kama dini inavyotaka, na nitatamka kwa furaha. Lakini jibu halikuwa langu. Aliisoma barua yote, polepole, kwani hakuwahi kuisoma. Miaka ilikuwa imempita barua ikiwa humu mezani, na Said naye hakuoa. Halafu akaandika pembeni, pale pale ulipopaacha wazi, na mwandiko wake, Baba, ni wako mtupu.

Mungu akuridhie, mwalimu wangu. Nimekusamehe, na wewe unisamehe kuchelewa kwangu.

Mwanao mkubwa,
uliyemwambia ale wali wake